Mwenye Mfumo Aje Mwenyewe

Utotoni niliwaona wanaume wakilaza fimbo zao chini kwenye mashamba ya watu, na sikuona ajabu yoyote. Kijijini kwetu, ng'ombe wako wakivunja ua na kula uwele wa jirani, hungoji kuitwa. Unakwenda mwenyewe, humtumi mtoto, unaingia hadi pale mabua yalipovunjika, unailaza fimbo yako juu ya udongo na kusema: ni mimi. Husemi ni ng'ombe. Mwenye shamba ana ruhusa ya kukusema mpaka achoke, na akishachoka anaiokota fimbo na kukurudishia mkononi. Mambo ya fidia yanazungumzwa baadaye, watu wakiwa wametulia. Asipoiokota, unarudi nyumbani mikono mitupu, na mwanamume wa kwetu akionekana njiani bila fimbo kila mtu anajua kuna jambo.

Baba yangu aliilaza yake mara nyingi. Ng'ombe wake walikuwa watundu, naye alipenda mno usingizi wa mchana. Mama, enzi za uhai wake, alimtania kwamba fimbo yake imelala kwenye mashamba ya watu kuliko yeye alivyolala kitandani kwake. Baba alicheka, kisha akaenda kulala tena.

Mimi nilisoma, nikapata kazi mjini Dodoma, nikajenga mtaa wa Nkuhungu. Kazi yangu ni kuandika kumbukumbu za vikao. Nakaa pembeni ya meza ndefu, nasikiliza, naandika: imebainika, ilionekana, kulijitokeza changamoto. Kwa miaka mingi nimeandika habari za mambo yaliyoharibika bila kuharibiwa na mtu. Hakuna anayedanganya kwenye vikao hivyo. Watu ni waungwana, wana tai safi, na kila mmoja anasogeza kiti chake nyuma kidogo.

Baba anaishi mbele ya Mkonze, mahali ambapo zamani palikuwa pori la miiba na sasa pana mashamba ya zabibu ya watu wa mjini. Kiangazi kikishika, ile mizabibu inayomwagiliwa ndiyo majani mabichi pekee unayoyaona, na ng'ombe wana macho. Wenye mashamba walichoka kukesha. Ikaja kampuni moja na mradi wake: kamera zinafungwa kwenye nguzo za ua, na akili mnemba inamtambua kila ng'ombe kwa sura yake, kama sisi tunavyotambuana. Ng'ombe akiingia, ujumbe unakwenda kwa mwenye shamba na kwa mtendaji wa kijiji, ukiwa na picha ya ng'ombe na jina la mwenye ng'ombe.

Ili mashine iwajue ng'ombe, ilibidi kwanza wapigwe picha. Siku walipofika kwa baba nilikuwepo, nimempelekea sukari na betri za redio. Alikuja kijana mpole mwenye kishikwambi, mzaliwa wa Pwani, akasimama mlangoni mwa zizi na kuuliza, "Mzee, hawa wote ni wako?"

"Wangu," baba akajibu.

Si kweli. Mle zizini walikuwamo ng'ombe wa rafiki yake anayeishi ng'ambo ya korongo, mtu ambaye sisi watoto tunamwita baba mkubwa ingawa hatuna undugu wa damu. Kwetu watu huwekeana ng'ombe. Unampa mwenzako sehemu ya kundi lako akulishie, yeye anakunywa maziwa, na ugonjwa au ukame ukija hauwamalizi wote mahali pamoja. Ng'ombe aliyewekwa kwako unamwita wako. Kuanza kuwatenga mbele ya mgeni, huyu wangu na yule wa fulani, ni kumdhalilisha aliyekuamini na kumtangazia watu mali yake. Kijiji kizima kinajua ng'ombe gani ni wa nani, na hakuna anayesema.

Basi yule kijana akawapiga picha wote, uso, ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto, na wote wakaandikwa kwa jina la baba. Baba alijibu kwa adabu, kijana akaandika kwa uaminifu, na mimi nilisimama pale na pakiti yangu ya sukari nikiona kila kitu kiko sawa.

Masika yakapita. Baba mkubwa akawachukua ng'ombe wake, wakavuka korongo kurudi kwao. Kiangazi kikaingia.

Asubuhi moja nikapigiwa simu ofisini. "Mama," baba akasema, maana mimi nimeitwa jina la mama yake na hajawahi kuniita vinginevyo, "njoo. Nimeibiwa kwa adabu."

Nilichukua bodaboda hadi kwake. Nikamkuta ameketi kwenye kigoda, fimbo magotini, akiwa na hasira iliyomfanya aonekane kijana. Mtendaji wa kijiji na yule kijana wa mradi walikuwa wamekuja kumwonyesha picha. Ndani yake alionekana ng'ombe mwekundu mwenye doa jeupe kwenye paji, katikati ya mizabibu, majani yananing'inia mdomoni kama mtu aliyefumaniwa na nyama ya sufuria. Chini ya picha palikuwa na jina la baba.

"Nikawaambia huyu hajalala kwangu," baba alinisimulia. "Kijana ananiambia, mzee, mfumo umemtambua, akili mnemba haisahau sura. Nikamuuliza, huyo akili mnemba boma lake liko wapi? Aje tuongee."

Watu walicheka, lakini mfumo ulikuwa umesema, na mtendaji alikuwa na ujumbe kwenye simu. Wakachukua ng'ombe mmoja wa baba, wakampeleka kwenye zizi la kijiji akae huko mpaka mwenyewe akubali kosa. Walichagua yule wa kijivu. Ng'ombe huyo ni mjukuu wa ng'ombe aliyekuja na mama yangu alipoolewa, na tangu mama afariki baba humkamua mwenyewe, hataki mkono wa mtu mwingine umguse. Alikuwa na ndama mchanga. Ndama hawakumchukua kwa sababu alizaliwa baada ya zile picha na mfumo haukumjua. Mtendaji alisema hawezi kukamata kitu ambacho hakijasajiliwa.

Nilimwomba baba ailaze fimbo tu, yaishe. Nilimwambia wewe umeilaza mara ngapi, moja zaidi itakupunguzia nini? Ng'ombe atarudi leo hii, ndama atanyonya.

Alinitazama kwa namna ambayo sijaipenda hadi leo. "Nikiilaza kwa ng'ombe nisiowachunga," akasema, "siku nikiilaza kwa kweli nani ataamini?"

"Basi mtaje mwenye ng'ombe. Unamjua yule mwekundu ni wa nani."

"Namjua. Atakuja."

"Na asipokuja?"

"Basi nitakuwa nilimjua vibaya miaka yote hii," akasema, na akaenda kumwangalia ndama.

Ng'ombe wengine walikuwa wamekauka maziwa kwa kiangazi. Baba alimnywesha yule ndama maziwa ya mbuzi kwa chupa ya soda, akamchanganyia uji mwepesi wa uwele, akampa vidole anyonye ili asisahau kunyonya. Nilikwenda na kurudi kutoka mjini, na kila nilipofika nilimkuta ndama amekonda zaidi, na baba pia. Pale kanisani watu walianza kumuuliza habari zake kwa sauti ya chini, kama anavyoulizwa mgonjwa. Walisema uzee umeingia, mzee hakubali tena makosa yake. Aliyasikia. Hilo lilimuuma kuliko kukosa ng'ombe, aliniambia hivyo bila kuzunguka. Alikuwa mtu wa ng'ombe watundu, sawa, lakini alikuwa mtu wa kuja mwenyewe, na sasa hicho ndicho walichokuwa wanamnyang'anya.

Baba mkubwa hakuwepo. Alikuwa Mpwapwa, kwa binti yake anayesomea mifugo huko, na mwanawe aliyechunga siku ile alifunga mdomo kwa woga. Ndama alikufa kabla hajarudi. Baba alimchuna mwenyewe, akaiwamba ngozi chini kwa vijiti karibu na mlango wa zizi, kama ilivyo kawaida, ikauke.

Kisha baba mkubwa akarudi. Alishuka kwenye basi, akasikia, na hakupita kwanza kwake kuoga. Ilikuwa Jumamosi, nami nilikuwa kwa baba. Tulimwona kwa mbali akielekea shamba la zabibu na vumbi lake la safari, tukamfuata.

Mwenye shamba ni mstaafu wa serikali, mtu wa mkoa mwingine, mwenye kofia ya majani na mikasi ya kupogolea. Alimwona mzee mrefu akiingia kwenye mizabibu yake iliyotafunwa, akiinama taratibu na kuilaza fimbo chini, naye mstaafu akarudi nyuma hatua kadhaa. Nadhani alifikiri anafanyiwa kitu. "Ni mimi," baba mkubwa akasema. "Ng'ombe ni wangu. Aliyewachunga ni mwanangu, lakini ni mimi."

Mtu mwenyewe hakuwa ameshutumiwa na yeyote. Mashine ilikuwa imemkinga. Angeweza kunywa chai kwake na kuuacha mfumo uendelee kukosea kwa faida yake, na asingeulizwa kamwe. Niliyaona mambo haya tangu utoto, na ile siku ndipo nilipoyaona kwa mara ya kwanza. Ilibidi nimweleze yule mstaafu kinachotakiwa. Aliiokota fimbo kwa mikono miwili, akaishika kidogo kana kwamba anapima uzito wake, akamrudishia mwenyewe. Hakusema neno la ukali hata moja.

Jioni ile ile kijana wa mradi akamrudisha ng'ombe wa kijivu. Aliona haya, nilimhurumia. "Mzee," akasema, "mfumo ulikosea. Akili mnemba bado inajifunza. Tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza."

Usumbufu uliojitokeza. Nimeyaandika maneno hayo mara nyingi mno kiasi kwamba vidole vyangu vilicheza vyenyewe.

Ng'ombe alimpita, akaenda moja kwa moja kwenye ile ngozi chini. Akaweka pua juu yake. Akalia mlio ambao sitaki kuueleza. Hakuna aliyemwondoa.

Baba alisubiri mpaka anyamaze. "Sina ugomvi na wewe, baba," akamwambia kijana. "Wewe umetumwa. Nani mwenye mfumo?"

"Ni wa kampuni, mzee."

"Kampuni ina miguu?"

Kijana akakubali kwamba haina.

"Basi mwenye miguu aje."

Wakati wa kuondoka kijana alinivuta pembeni. "Dada, mzee anataka nini hasa? Barua? Barua naweza kuipata."

"Anataka mtu," nikamwambia, na nikamweleza habari ya fimbo.

Sikuamini atakuja mtu. Ninazijua ofisi, nimekaa pembeni ya meza zao nusu ya maisha yangu. Nilimwambia baba wazi kwamba asitegemee, kwamba wataunda kamati, na kamati itasema mashine. Ngozi ilikauka, wakati wake wa kukunjwa ukapita, baba akaiacha pale pale na vijiti vyake.

Alikuja mwanamke. Alikuwa wa rika langu, mnene kidogo, viatu vya ofisini. Alikuwa Mpwapwa kwenye mafunzo kijana alipomfikishia habari, na hakungoja gari la kazini. Alipanda basi, kisha bodaboda, na vumbi la barabara lilikuwa limemkaa hadi kwenye kope. Alikuwa peke yake. Hilo ndilo lililonishtua kwanza, kwamba hakuja na mtu wa kumsemea.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mbukwa," baba akasema, akimpa na salamu ya kwetu, akamsukumia kigoda. Hakuketi.

"Mimi ndiye ninayesimamia ule mfumo," akasema.

Baba akamwachia mlango wazi. Hadi leo sijui kama alimtega au alimhurumia. "Vijana wako wanasema ni mashine ilikosea," akasema. "Mashine haina akili ya mtu. Mimi ni nani hata niilaumu?"

Ulikuwa mlango mpana, na karibu kila mtu niliyewahi kuandika maneno yake angeupita akishukuru. Yule mama alibaki amesimama. Aliitazama ngozi, akamtazama ng'ombe wa kijivu nyuma ya miiba.

"Mashine ilisema ilichofundishwa," akasema. "Kijana alirudi kutoka huku akaniambia, huku watu wanawekeana ng'ombe, majina mengine hayatakuwa sahihi. Nilimsikia. Nikasema tuanze hivyo hivyo, tutarekebisha baadaye, kwa sababu kuna wageni walikuwa wanakuja kuuona mradi na niliogopa kuwaambia bado. Na jina la mtu kutajwa kwenye ujumbe bila mtu yeyote kwenda kuangalia kwanza, niliamua mimi. Wengine walinikubalia, lakini niliamua mimi. Ofisini wamenishauri nisije. Wamesema nikija nitakuwa nimekiri."

Akamgeukia baba. "Kijana ameniambia habari ya fimbo. Mimi sina fimbo."

Akaivua shingoni ile kamba yenye kitambulisho chake cha kazi, akachuchumaa, akakilaza kwenye udongo kando ya ngozi. "Ni mimi," akasema.

Zamani, nikiwa mtoto, palikuwa na dakika moja kanisani ambapo watu wote walinyamaza pamoja na nikahisi paa limepanda juu. Nilihisi hivyo tena. Nilikuwa nimeishi nikidhani neno lile ni la wazee wangu, la watu wa uwele na ng'ombe, na kwamba mijini lilishakufa. Nilikuwa pia nimeanza kuamini, kama watu wengi, kwamba kimekuja duniani kitu kinachotenda bila mtendaji. Na huyu mama aliyekijenga, anayekijua ndani na nje kuliko sisi sote, alichuchumaa mbele ya ngozi ya ndama na kutuambia kwamba ndani yake kulikuwa na mtu muda wote.

Baba hakukiokota mara moja. Alikuwa na ruhusa yake, akaitumia. Alimsema. Alimweleza ndama alivyonyonya vidole, alivyokuwa akijaribu kusimama kila alipomsikia mlangoni. Alimweleza habari za mama yangu na ng'ombe aliyekuja naye, na watu wa kanisani waliomuuliza afya yake. Sauti ilimpanda, ikamkatika, ikapanda tena. Yule mama alisimama akasikiliza mpaka mwisho. Machozi yalimtoka yakachora mistari kwenye vumbi la mashavu, naye hakuyafuta wala hakujitetea.

Baba alipochoka, aliinama kwa shida, akakiokota kitambulisho, akakipuliza vumbi. Akakitazama.

"Hii picha wamekuonea," akasema. "Wewe ni mzuri kuliko hapa."

Akamvalisha shingoni. Mimi nikaingia jikoni kusonga ugali, kwa sababu nisingeingia jikoni ningelia mbele za watu. Tulikula ugali wa uwele na mlenda, na jioni ile baba aling'oa vijiti, akaikunja ngozi.

Kampuni ilimfanya nini yule mama baada ya hapo, sijui yote. Najua aliendelea na kazi, na kwamba kamera sasa zinasema tu kuna ng'ombe shambani. Zikishasema, mtu anatembea kwenda kuangalia, na ujumbe wa kumtaja mtu hautoki mpaka yule aliyekwenda aweke jina lake mwenyewe chini yake. Wenye mashamba walilalamika kwamba unachelewa. Unachelewa kweli.

Mvua za mwaka uliofuata zilipofika ng'ombe wa kijivu akazaa tena, na yule mama akaja mwenyewe na kishikwambi kurudia picha. Nilikuwepo. Alisimama mlangoni mwa zizi pale pale aliposimama kijana, lakini hakuuliza kwa sauti. Alimsogelea baba, akainamisha kichwa, akamtegea sikio. Na baba yangu, ambaye hajawahi kumtenga ng'ombe wa mtu mbele ya mgeni, akaweka kiganja mdomoni na kumnong'oneza. Alimwambia pia, hilo nililisikia, kwamba mara ya kwanza aliulizwa vizuri naye akajibu kwa mazoea, na kwamba hicho kipande cha kosa kilikuwa chake. Wakaenda hivyo, ng'ombe kwa ng'ombe, vichwa pamoja kama watoto wenye siri, mpaka jua likashuka nyuma ya miiba. Mimi niliketi kwenye kigoda na sikutaka waishe.

Wa mwisho alikuwa ndama mpya, wa kijivu kama mama yake, amejificha nyuma ya miguu yake.

"Na huyu ni wa nani?" yule mama wa mfumo akauliza kwa sauti ya chini.

Safari hii baba hakunong'ona. "Wa mke wangu," akasema. "Najua amefariki. Andika hivyo hivyo."

Akaandika. Kidole kikabaki hewani juu ya kioo. "Na akivunja ua, mzee? Niandike nani?"

Baba aliihamisha fimbo kutoka mkono mmoja kwenda mwingine.

"Mimi," akasema. "Andika mimi."